Kuanguka kwa wazee, mwendo wao na uimara wa kusimama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi na mzee nyumbani, na kwa ajili ya wazee wenyewe. Mifano imetolewa katika nyumba za Tanzania na Kenya kama zilivyo, zenye vyandarua, sakafu za saruji au vigae, vyoo vya nje na umeme unaokatika. Hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari aliyemwona na kumpima mgonjwa.

Je, kuanguka si jambo la kawaida mtu anapozeeka?

Ni jambo linalotokea mara nyingi, lakini halitokei bila sababu. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, karibu mtu 1 kati ya kila watu 3 wenye umri wa miaka 65 na zaidi huanguka angalau mara moja kwa mwaka, na idadi hiyo huongezeka kadiri umri unavyosogea. Shirika hilo pia linakadiria kwamba kuanguka huua watu wapatao 684,000 wa rika zote duniani kila mwaka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, zikiwemo nchi zetu. Wanaokufa zaidi ni waliovuka miaka 60.

Familia nyingi hufunga mjadala kwa kusema kwamba huo ni uzee tu. Ukichunguza, utakuta mzee aliyeanguka mara mbili ndani ya mwezi mmoja ana mambo kadhaa yaliyokutana: dawa mpya ya presha, mtoto wa jicho ambaye hajatolewa, misuli ya mapaja iliyonyong'onyea baada ya kulazwa, na sakafu iliyomwagikiwa maji. Kila moja ya hayo lina namna yake ya kushughulikiwa, na kuondoa moja tu mara nyingine kunatosha kuzuia anguko linalofuata.

Kuna jambo lingine ambalo halijulikani sana. Mzee ambaye hajawahi kuanguka, kisha akaanza kuanguka ghafla ndani ya siku chache, huenda anaumwa. Nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, malaria au upungufu wa damu huweza kujionyesha kwanza kwa miguu kukosa nguvu, hata kabla ya homa, kwa sababu wazee wengi hawapati homa kali kama vijana. Mzee wa namna hiyo apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo.

Ni nini hasa humfanya mtu asimame bila kuyumba, na ni nini hubadilika uzeeni?

Ubongo hupokea habari kutoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na nyayo pamoja na viungo vya miguu. Kisha huamuru misuli ya vifundo, mapaja na kiuno irekebishe mwili kabla haujapita kiasi. Kwa kijana kazi hii hufanyika haraka mno asiitambue. Uzeeni kila sehemu hupungua kidogo, na mtu huendelea vizuri kwa kuegemea zaidi zile zilizobaki nzima. Ndiyo maana mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi anaweza kutembea vizuri mchana kweupe, kisha akaanguka umeme ukikatika: alikuwa anasimama kwa msaada wa macho, na macho yamenyimwa mwanga.

Kasi ya kujibu nayo hupungua. Kijana akijikwaa, mguu wa pili hutoka mbele mara moja ukampokea. Mzee hujikwaa kwenye kizingiti kile kile, lakini mguu wa pili huchelewa, au hutoka bila nguvu ya kutosha kubeba uzito wa mwili.

Nitajuaje kwamba mzee wangu yumo hatarini kabla hajaanguka?

Anza kwa kumuuliza mambo matatu: kama ameanguka ndani ya mwaka uliopita, kama anajiona hayuko imara anaposimama au kutembea, na kama anaogopa kuanguka. Muulize kwa faragha na kwa upole, kwa maana wazee wengi huficha maanguko yao wasije wakanyimwa uhuru wa kutoka. Jibu la ndiyo kwa swali lolote linatosha kukufanya uendelee kuchunguza.

Kisha mtazame anavyotembea bila yeye kujua kwamba anatazamwa. Angalia kama anagusa ukuta na viti njiani, kama anaburuta nyayo, kama anageuka kwa hatua nyingi ndogondogo, na kama hawezi kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Angalia pia kama anaacha kutembea kila anapotaka kujibu neno. Hili la mwisho lilichunguzwa nchini Uswidi na Lillemor Lundin-Olsson na wenzake, ambao mwaka 1997 walichapisha matokeo ya wakazi 58 wa makazi ya wazee. Kati ya hao, 12 waliacha kutembea mara walipoanza kuongeleshwa njiani, na 10 kati ya hao 12 walianguka ndani ya miezi sita iliyofuata. Mtu ambaye kutembea kwenyewe kumekuwa kazi inayohitaji akili yake yote hana ziada ya kuipa mazungumzo.

Kuna pia kipimo rahisi kilichoandikwa mwaka 1991 na Diane Podsiadlo na Sandra Richardson wa Kanada, ambacho bado kinatumika hospitalini. Mzee hukaa kwenye kiti chenye mgongo, huinuka, hutembea mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, hugeuka, hurudi na kuketi. Wewe hesabu sekunde kwa saa ya simu tangu unaposema "haya" hadi anapoketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, ana sababu ya kuonana na mtaalamu. Mtu mmoja asimame karibu naye, bila kumshika, katika zoezi zima.

Tumemwambia bibi akae tu, asifanye kazi yoyote, ili asianguke. Je, tumefanya vyema?

Nia ni njema, lakini hatua yenyewe ina madhara, na kwa maoni yetu hili ndilo kosa linaloziumiza zaidi familia zinazowapenda wazee wao. Msuli usiotumika hupungua, na uzeeni hupungua haraka kuliko ujanani. Katika utafiti mmoja uliofanywa Marekani, wazee wenye afya waliolala kitandani kwa siku 10 tu walipoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Bibi aliyekuwa akifagia uwanja, akichota maji kwa kopo na kwenda kumjulia hali jirani, kisha akakalishwa barazani miezi mitatu huku wajukuu wakimletea kila kitu, hana tena mapaja yale aliyokuwa nayo. Siku ile moja ambayo hakuna mtu nyumbani na haja imembana, atainuka kwa miguu iliyodhoofishwa na huduma yetu wenyewe.

Badala ya kumwondolea kazi, ibadilisheni. Achambue mboga na kukuna nazi akiwa amekaa, lakini aende mwenyewe kuchukua chombo jikoni. Aendelee kumwagilia maua kwa kopo dogo badala ya ndoo. Aendelee kwenda kwa jirani, akiwa na bakora au mjukuu, asubuhi kabla ya jua kali na si baada ya mvua. Kazi za kukatazwa kabisa ni chache: kupanda juu ya stuli au kiti kufikia rafu, kubeba ndoo kichwani kwenye utelezi, na kushuka ngazi akiwa amejaza mikono yote miwili.

Ni mazoezi gani yanayosaidia kweli?

Mazoezi ya kuongeza nguvu ya miguu na ya kuujaribu uimara wa kusimama. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2019, uliojumlisha tafiti 108 zenye washiriki zaidi ya 23,000, ulionyesha kwamba mazoezi hupunguza maanguko kwa asilimia 23 miongoni mwa wazee wanaoishi majumbani. Kutembea peke yake, pamoja na faida zake nyingine, hakukuonyesha wazi kwamba kunazuia kuanguka. Kunahitaji kuambatana na mazoezi hayo. Programu inayojulikana zaidi ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo humtembelea mzee nyumbani, humfundisha mazoezi machache ya nguvu na ya uimara, kisha mzee huyafanya mwenyewe kama nusu saa mara tatu kwa wiki na kuongeza matembezi. Tafiti nne zilizojumlishwa pamoja, zenye watu 1,016 wa miaka 65 hadi 97, zilionyesha kwamba maanguko yalipungua kwa asilimia 35.

Nyumbani, kiti imara kilichoegemezwa ukutani kinatosha kuanzia. Kiti cha plastiki hakifai, kwa sababu miguu yake hupanuka na kuteleza kwenye vigae. Mzee akae, avute nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainamishe kifua mbele, kisha ainuke na kuketi taratibu bila kujitupa. Akiweza mara tano bila mikono, aongeze. Asipoweza, atumie mikono kwanza na kuipunguzia kazi wiki hadi wiki. Kisha asimame nyuma ya kiti akiwa ameshika mgongo wake, ainuke kwa vidole vya miguu, ashuke, ainue vidole akibaki kwa visigino, ashuke. Baada ya hapo asogeze mguu mmoja pembeni na kuurudisha, kila upande kwa zamu.

Zoezi la uimara huenda kwa ngazi. Kwanza asimame nyayo zikiwa zimegusana. Kisha unyayo mmoja usogee mbele nusu ya urefu wake. Kisha kisigino cha mguu mmoja kiwe mbele ya vidole vya mwingine, katika mstari mmoja. Mwisho asimame kwa mguu mmoja. Kila hatua alenge sekunde 10. Asipoweza kufikisha sekunde 10 katika ile hatua ya mstari mmoja, hiyo nayo ni dalili ya hatari. Zoezi lisilomyumbisha mtu hata kidogo halimfundishi kitu, kwa hiyo asiogope kutikisika, mradi mkono uko juu ya kiti na kuna mtu karibu. Aache mara moja akipata maumivu ya kifua, kukosa pumzi au kizunguzungu.

Matokeo hayaonekani kwa wiki moja. Faida huanza kuonekana baada ya miezi kadhaa na huondoka mazoezi yakiachwa.

Anapata kizunguzungu kila anapoinuka kitandani. Ni nini?

Mara nyingi ni shinikizo la damu kushuka mtu anaposimama. Mwombeni mhudumu wa afya ampime akiwa amelala, kisha ampime tena akiwa amesimama, ndani ya dakika 3. Kipimo cha juu kikishuka kwa 20 au zaidi, au cha chini kwa 10 au zaidi, tatizo limethibitika. Kliniki nyingi humpima mgonjwa akiwa amekaa tu, na kwa njia hiyo jambo hili hupita bila kuonekana. Ombeni kipimo cha kusimama kwa kukitaja.

Wakati mkisubiri, mzee aketi ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, achezeshe vifundo na kukunja ngumi kabla ya kusimama, na akishasimama ashike kitu asitembee mara moja. Anywe maji ya kutosha, isipokuwa daktari amempunguzia kwa ajili ya moyo au figo. Kama dunia inamzunguka kwa muda mfupi anapogeuka upande kitandani, hata akiwa bado amelala, huenda ni sikio la ndani, na hilo lina tiba yake ya kugeuzwa kichwa kwa mpangilio maalumu mbele ya mtaalamu.

Je, dawa zinaweza kumwangusha?

Ndiyo, na hili husahauliwa mno. Zinazojulikana zaidi ni za usingizi na wasiwasi kama diazepamu, za msongo na maumivu ya neva kama amitriptilini, za presha zinapozidi kiasi, za kukojoza kama Lasix zinapomkausha mzee au kumwamsha usiku, na za kisukari kama glibenklamidi, ambayo huweza kushusha sukari akachanganyikiwa na kudondoka. Ongeza hapo vidonge ambavyo watu hawavihesabu kuwa dawa. Piriton hununuliwa dukani kwa ajili ya mafua au kujikuna. Humsinzisha mzee, humkausha kinywa, na kumfanya ayumbe hadi kesho yake asubuhi.

Wakati wa Ramadhani mzee anayefunga huku akimeza dawa za kisukari au za kukojoza yumo katika hatari zaidi, hasa jioni kabla ya kufuturu. Dozi na nyakati hupangwa upya na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Msiache dawa yoyote kwa uamuzi wenu, kwa sababu kuacha dawa ya presha au ya kifafa ghafla kuna hatari kubwa kuliko kuanguka. Tieni dawa zote katika mfuko mmoja, za hospitali, za dukani na za miti shamba, muupeleke mfuko huo kliniki na kuuliza ipi bado inahitajika.

Nyumbani tuanzie wapi kurekebisha?

Anzeni na njia ya kitandani hadi chooni, na muitembee usiku, taa zikiwa zimezimwa, kama anavyoitembea yeye. Ni katika njia hiyo ambamo mambo mengi hujionyesha.

Kitu cha kwanza ni chandarua. Kikiwa kimechomekewa chini ya godoro pande zote, mzee anayeamka kwa haraka huteremsha miguu ndani ya wavu, vidole hunasa, na anaposimama mwili huenda mbele na miguu hubaki. Upande anaotokea ufunguliwe kwanza, ukunjwe na kutundikwa juu, ndipo miguu ishuke. Tochi au taa ndogo ya sola ikae pale mkono unapofika bila kuinuka. Kitanda kirefu ambacho nyayo zake hazigusi sakafu anapokaa ukingoni kinafaa kukatwa miguu. Kilicho chini mno kiinuliwe kwa vipande vya mbao vilivyopigiliwa vizuri, si kwa matofali yanayoyumba.

Kisha viatu na mavazi. Malapa yaliyolegea hubaki nyuma mguu unapoinuka, na soksi kwenye vigae ni utelezi mtupu. Kiatu bora ni cha kufunga kisigino, chenye soli nyembamba kiasi na yenye makunyanzi. Kanga ifungwe juu ya kifundo, na kanzu isiburuze, hasa nyumba ikiwa na ngazi.

Choo kinastahili fedha kuliko chumba kingine chochote. Kuchuchumaa na kuinuka kunahitaji nguvu kubwa ya mapaja, na damu hushuka miguuni wakati wa kusimama. Fundi anaweza kukaza kipande cha bomba la chuma ukutani, kwenye kimo cha kiwiko, kikiwa kimeshikwa na saruji kiasi cha kubeba uzito wa mtu mzima. Kwa choo cha shimo, seremala hutengeneza kiti cha mbao chenye tundu kwa gharama ndogo. Utelezi wa kijani kwenye saruji usuguliwe kwa brashi kila wiki msimu wa mvua. Kama choo kiko nje, chombo cha haja ndogo chumbani usiku si aibu.

Mikeka iliyojikunja pembe, nyaya za chaji, vizingiti visivyopakwa rangi, kuku na vinyago vya watoto havihitaji maelezo marefu.

Mzee wetu huteleza wakati wa kutawadha. Tufanyeje?

Anayeinua mguu hadi kwenye sinki husimama kwa mguu mmoja, juu ya sakafu iliyolowa, huku ameinamisha kichwa. Ni vigumu kubuni hali mbaya kuliko hiyo. Aketi kwenye kiti chenye kimo cha goti, maji yawe katika birika au kopo, na akimaliza akaushe nyayo kabla ya kuinuka. Kigoda cha chini sana hakisaidii, kwa sababu kuinuka kutoka hapo ni kazi nyingine.

Kuhusu swala yenyewe, asiyeweza kusimama ameruhusiwa kuswali ameketi. Hata hivyo, kama bado anaweza kusujudu na kuinuka akishika stuli imara iliyowekwa mbele yake, kuinuka huko ni zoezi jema la mapaja, na hakuna haja ya kumharakisha kwenda kitini. Kinachotakiwa ni ainuke polepole, asifuate kasi ya vijana. Hali ni hiyo hiyo kwa anayepiga magoti kanisani: ashike benchi la mbele.

Bakora ishikwe mkono gani, na iwe na urefu gani?

Hushikwa mkono ulio kinyume na mguu mbovu. Watu wengi hufanya kinyume cha hivyo, na kwenye filamu pia. Goti la kulia likiuma, bakora iwe mkono wa kushoto, na isogee mbele pamoja na mguu huo wa kulia. Kwa urefu, mzee asimame wima akiwa amevaa viatu vyake vya kila siku, mikono ikining'inia; kichwa cha bakora kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Hapo kiwiko kitakunjika kidogo anapoishika. Ncha iwe na mpira, na mpira huo ubadilishwe makunyanzi yake yakilika.

Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda na mguu mbovu hutangulia kushuka, bakora ikienda pamoja na ule mbovu.

Ameanguka sasa hivi. Tufanye nini kwanza?

Msimnyanyue. Vijana wawili humshika kwapani na kumsimamisha kabla hajavuta pumzi, na kama mfupa umevunjika wanauhamisha zaidi. Mwacheni alale alivyo dakika chache, mumuulize ameumia wapi, amegonga kichwa au la, na kama anakumbuka alivyoanguka. Anayesema kwamba alijikuta tu chini, bila kukumbuka kuteleza wala kujikwaa, huenda alizimia, na hilo linahitaji kupimwa moyo.

Kama hana maumivu makali na anachezesha miguu yote miwili, ajigeuze ubavu, ajiinue kwa kiwiko, apige magoti na kutambaa hadi kwenye kiti imara. Aweke mikono juu ya kiti, alete mbele mguu wenye nguvu zaidi, ajisukume juu, ageuke na kuketi. Ninyi sogezeni kiti; kazi ya kuinuka muachieni. Njia hii inafaa kufanyiwa mazoezi siku ambayo hakuna aliyeanguka, juu ya mkeka, kwa sababu kulala sakafuni zaidi ya saa moja bila msaada huleta madhara yake: vidonda vya mgandamizo, kukaukiwa maji na kuharibika misuli. Mzee anayeshinda peke yake awe na simu mfukoni au shingoni, si mezani.

Anasema nyonga inauma kidogo tu. Tumpeleke kwa mtu anayekanda mifupa?

Hapana. Mguu uliofupika kuliko mwenzake na unyayo uliogeukia nje baada ya kuanguka ni alama ya kuvunjika shingo ya mfupa wa paja, na mfupa huo hauungwi kwa kukandwa wala kwa banzi za mianzi. Wapo pia wenye ufa ambao haujaachana, wanaoweza kutembea hatua chache wakilalamikia kinena au goti. Hao nao, na kila mzee ambaye hawezi kuukanyagia mguu baada ya kuanguka, wapigwe picha ya eksirei.

Matibabu huwa ya upasuaji, na matokeo huwa mazuri zaidi upasuaji ukifanyika ndani ya siku moja au mbili. Wiki zinazopotea kwa kukandwa nyumbani huleta vidonda vya mgongoni, damu kuganda miguuni na nimonia, na haya ndiyo huua, si mfupa wenyewe. Nchini Tanzania hospitali za rufaa na Taasisi ya Mifupa Muhimbili hufanya upasuaji huu. Nchini Kenya hufanyika katika hospitali za rufaa. Tunawaheshimu wakandaji kwa mikakamao ya misuli, lakini hapa pana mpaka.

Aligonga kichwa wiki mbili zilizopita na alikuwa mzima. Sasa anasinzia sana. Kuna uhusiano?

Unaweza kuwepo. Kwa wazee damu huweza kukusanyika polepole kati ya fuvu na ubongo, na dalili zikatokea wiki kadhaa baadaye: kusinzia, kuchanganyikiwa, kichwa kuuma, kutapika, au upande mmoja kudhoofika. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda yumo katika hatari kubwa zaidi. Apelekwe hospitali leo, na mueleze kwamba alianguka.

Vidonge vya kalisi na vitamini D vitamzuia kuanguka?

Kwa mtu asiye na upungufu, havijaonyesha faida ya kuaminika, na dozi kubwa sana ya vitamini D inayotolewa kwa mkupuo imeonekana kuongeza maanguko. Chakula kina kazi kubwa zaidi. Wazee wengi huishia kula chai na mkate asubuhi na uji jioni, mlo usiojenga msuli. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maharage, mayai, maziwa na samaki vinapaswa kuonekana kwenye sahani kila siku, vikisagwa au kupondwa kama meno hayapo.

Tangu aanguke anaogopa hata kutoka chumbani. Tumlazimishe?

Msimlazimishe, lakini msimwache humo. Hofu humfanya mtu atembee kwa hatua fupi na mwili uliokakamaa, na mwendo huo wenyewe ni hatari. Mpeni lengo dogo alilochagua yeye, kwa mfano kufika barazani kusalimiana na wapita njia, kisha mlango wa nyumba ya jirani. Mtu wa kumsindikiza atembee ubavuni na nyuma kidogo, amwachie mzee ashike mkono wake. Kumvuta mzee kwa mkono kunampotezea uimara.

Hospitali tuseme nini?

Semeni "ameanguka" mwanzoni kabisa, pamoja na mara ngapi, saa ngapi, wapi na alikuwa akifanya nini. Ombeni apimwe presha akiwa amelala na akiwa amesimama, macho, sukari, damu, hisia za nyayo na mwendo. Macho yasiachwe nyuma, kwa sababu upasuaji wa kutoa mtoto wa jicho ni wa muda mfupi na humrudishia mtu uwezo wa kuona vizingiti na ngazi. Ombeni pia rufaa ya kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani wa mazoezi ya viungo, ambaye mara nyingi hatajwi msipouliza. Nchini Tanzania hospitali nyingi za umma zina dirisha la wazee kwa waliofikisha miaka 60.

Babu anakataa bakora. Anasema atakuwa anajitangazia kifo.

Mara nyingi anachokikataa ni ile bakora ya bati nyeupe ya hospitali, yenye sura ya ugonjwa. Fimbo ya mpingo au ya mti mwingine mgumu, iliyochongwa vizuri, ni kitu ambacho mtu mzima hutembea nacho kwa heshima hata akiwa na miguu yake kamili. Mpelekeeni ya namna hiyo, ikatwe kwa urefu wake na kutiwa mpira nchani. Akabidhiwe na mtu wa rika lake au mkwe anayemstahi, si mjukuu, na asizungumziwe mbele ya watu kana kwamba hayupo. Akiikubali kwa safari ya msikitini au kanisani pekee, mkubalieni. Safari hizo ndizo ndefu, na ndizo zenye njia mbovu.